Korija Kumi na Mbili

Kikombe kililainika kabla Inspekta Latifa Chilumba hajamaliza hata nusu ya chai. Ukingo ulianza kukunjamana, kisha kitako kikatoboka, na tangawizi yote ikamwagikia sketini.

"Ah, pole sana, Afande. Hivyo bado ni vya majaribio," alisema Joshua, meneja wa kiwanda cha Mti Upya, akimsogezea karatasi laini. "Lakini ni miti asilimia mia moja. Sisi plastiki tunaiaga. Mtu atakunywa kwenye mti, atavaa mti, atapikia mti, na gari lake litakwenda kwa mti."

"Na chai atainywea sketini," alisema Latifa.

Joshua alicheka kidogo, akarudia picha zake za ukutani. Dakika ishirini sasa alikuwa anaonesha picha. Majani yenye umande, mikono ya watoto imeshika miche, mshale wa kijani unaozunguka na kujirudia. Latifa alikuwa amekuja kuulizia maiti, na badala yake anafundishwa mshale unavyozunguka. Na manukato makali ya huyu bwana hayakuwa yanasaidia.

Maiti ilikuwa ya Yusufu Nampota, mlinzi wa mikoko wa kijiji kimoja kule mbele ya Msimbati, karibu na mlango wa Ruvuma. Ijumaa alfajiri aliokotwa kwenye mkondo, kisogo kimepasuliwa, hatua chache kutoka mahali anapofunga mtumbwi wake mkulima mmoja aitwaye Orlando. Babu yake Orlando alivuka kutoka Msumbiji, na kwa baadhi ya watu hiyo peke yake ilikuwa ushahidi. Tena Yusufu alikuwa amemnyang'anya kuni mara mbili, wakatukanana mbele ya kijiji kizima. Panga la Orlando lilikuwa na damu. Yeye alisema ni ya kuku. Hakuna aliyejisumbua kumtafuta huyo kuku.

Leo Jumatatu, saa nane mchana, Orlando alikuwa apelekwe mahakamani kwa mauaji. Kesi hiyo haina dhamana, na akishaingia mahabusu ya gereza anaweza kukaa miaka kabla mtu hajalifungua tena faili lake. Mkewe, Odete, alikuwa kwenye benchi la kituo tangu Ijumaa na bakuli la ugali wa muhogo mapajani. Sasa ilikuwa saa nne na robo.

Latifa alikuwa na vitu viwili tu mkononi. Cha kwanza alikitoa mochwari alfajiri. Taarifa ya mwanzo ilisema, kwa mwandiko wa mtu mwenye haraka ya kwenda kula, "mikono ya marehemu ina hina." Yusufu alikuwa mjane wa miaka sitini na mbili. Hina ya nini, na ya harusi ya nani? Latifa aliomba shuka lifunuliwe. Rangi ilikuwa viganjani na ndani ya kucha peke yake, nyekundu iliyokolea, imekwaruzika, haina hata ua moja. Aliinama akanusa. Yalikuwa maji ya gome la mkoko, yaleyale ambayo zamani yalitiwa nyavu zisioze. Hayakupati kwa kukata kuni. Yanakupata ukikumbatia mti uliomenywa sasa hivi, bado unatoka maji. Na mkata kuni hamenyi kuni zake. Kiwanda cha kusaga miti upande ule kilikuwa kimoja tu, hiki cha Mti Upya.

Cha pili alikipata kwenye maelezo ya Orlando mwenyewe, ukurasa wa nne, ambao kwa jinsi ulivyokuwa msafi ulionekana haujasomwa na mtu. Orlando alisema Alhamisi asubuhi alimwona Yusufu na kopo jipya la rangi ya buluu, anaandika kwenye mashina. Latifa alimpigia simu mwenyekiti wa kijiji. Ni kweli, kopo alipewa Alhamisi hiyohiyo, siku ya kwanza, na watu walimcheka kwa maandishi yake kwa sababu aliandika kama anavyosema. Kopo halijaonekana mpaka leo.

"Miti yenu inatoka wapi?" alimkatisha Joshua.

"Shambani kwetu tu. Msitu wa asili hatugusi hata kijiti. Cheti kile pale." Kilikuwa ukutani, ndani ya fremu, juu ya picha ya watoto.

"Mlipanda lini?"

"Mwaka wa tatu huu."

"Na kiwanda kinasaga tangu lini?"

"Mwaka jana mwezi wa saba."

"Nataka kuliona shamba."

Tabasamu la Joshua lilibaki palepale, ila macho yaliondoka. "Bibi miti wetu atakupeleka," alisema.

Farida, ambaye kiwandani wote walimwita bibi miti, alikuwa mwanamke mwembamba mwenye buti za mpira na kofia ya ukindu. Alimwamkia Latifa shikamoo ingawa hawakupishana sana umri, akatangulia kati ya mistari. Koplo Bakari, dereva wa Latifa, aliachwa getini na maagizo ya kuzunguka nyuma taratibu, kama mtu anayetafuta mahali pa kujisaidia.

Mikaratusi ilikuwa mizuri, hilo Latifa hakuweza kulikana. Ilisimama wima, safi, mstari umenyooka mpaka unapoishia. Chini palikuwa pamepaliliwa, na miche iliyokufa ilikuwa imebadilishwa. Mtu aliyeifanya kazi hii alikuwa anaipenda.

"Hii yote umepanda wewe?"

"Mimi na kina mama thelathini na wawili. Ardhi hii ilikuwa imechoka, mihogo haitoki. Nilikaa vijijini miezi sita nawaeleza. Panda mti hapa, usubiri, upate nguzo, upate kuni, upate kazi kiwandani, na mikoko iachwe isimame izuie bahari. Mimi naamini hivyo, dada. Hata sasa naamini."

"Usubiri miaka mingapi?"

Farida aligusa shina moja. Lilikuwa nene kama mkono wake wa juu. "Minane. Saba kwa mvua nzuri."

"Hii ina mitatu."

"Ndiyo."

Latifa alitembea mpaka mwisho wa kitalu, akarudi kwa kitalu cha pili, akavuka cha tatu. Alikuwa anahesabu visiki. Alipata kumi na tisa, vyote vya miti iliyopunguzwa kwa sababu ya ugonjwa. Alisimama, akafungua daftari.

"Kiwanda kinasaga malori mangapi kwa wiki?"

"Mawili. Wakati mwingine matatu."

"Kwa visiki kumi na tisa."

Farida alikuwa anavua kofia na kuivaa, anavua na kuivaa.

"Fomu inayosema mzigo umetoka hapa inasainiwa na nani?"

"Na mimi."

Latifa aliliandika jibu hilo. Kumchukia Joshua toka alipomwona hakukuwa na kazi. Lakini huyu Farida, Latifa alikuwa ameanza kumpenda. "Kila mwezi?"

"Kila mwezi." Sauti ya Farida ilikuwa chini lakini haikutetemeka. "Wakubwa waliingia mkataba na wanunuzi kabla miti haijafika magotini. Wakaniambia malighafi ikikosekana mkataba unavunjika, na mkataba ukivunjika wanang'oa hii yote, wanapanda ufuta. Nikasema moyoni, nivumilie miaka mitano tu. Miti ikikomaa, uongo utakuwa kweli."

"Na hukuuliza huo mzigo mwingine unatoka wapi."

"Unakuja umemenywa. Kumenya ni lazima, maganda yanatia majivu kwenye vidonge vya kuni tunavyoshindilia kutoka unga wa miti, wanunuzi wanavikataa. Mti ukishamenywa, mtu wa kawaida hajui ni mti gani."

"Wewe si mtu wa kawaida."

"Hapana," alisema Farida.

Yadi ya magogo ilikuwa nyuma ya kiwanda, upande usiokuwa kwenye picha za Joshua. Huko harufu ilikuwa ya tope la pwani, chumvi na kitu kinachooza. Ajabu ni kwamba bahari ilikuwa mbali kabisa na pale. Rundo la miti lilifunikwa turubai. Koplo Bakari alikuwa ameegemea ukuta, anajifuta viganja kwa majani na vumbi.

"Nimeinua turubai kidogo tu, Afande," alinong'ona. "Sasa hii kitu haitoki."

Viganja vyake vilikuwa vyekundu.

"Usioshe," alisema Latifa.

Msimamizi wa yadi aliitwa Fredi, mtu wa makamo, mabega mapana, glavu nene mikononi na kofia ngumu kichwani. Alileta viti viwili vya plastiki, akavifuta kwa adabu. Joshua alikuja akasimama pembeni na simu yake, anajifanya anasoma.

"Kwenu wapi, kaka Fredi?"

"Mufindi, mama. Nimekulia kwenye mikaratusi na misindano. Ndiyo maana walinichukua."

"Mikokoni umewahi kufika?"

"Nikafanye nini kwenye tope? Mimi mtu wa milimani. Bahari naiogopa, hata kuogelea sijui."

"Alhamisi lori lilikuwa wapi?"

"Hapahapa. Lilikata springi. Limelala Alhamisi mpaka Jumamosi."

Kila jibu lilitoka limekunjwa na kupigwa pasi. Latifa aliinamia daftari kama mtu aliyeishiwa maswali, akapiga miayo.

"Unajua sisi polisi miti hatuijui," alisema. "Nieleze tu kazi yako ya kila siku, niandike nijaze ukurasa, niondoke. Mzigo ukifika hapa inakuwaje?"

Fredi alilegea. Watu wengi hulegea ukiwapa nafasi ya kufundisha. "Ni rahisi. Lori likifika vijana wanashusha. Tunapanga kwa unene, mwembamba na mwembamba mwenzake, mnene na mnene mwenzake. Mimi nasimama pale kwenye ngazi nahesabu. Lori likijaa sawasawa ni korija kumi na mbili. Likipungua naandika limepungua. Kisha tunafunika, mvua isiingie, zamu ikifika tunasaga."

Latifa aliandika yote, neno kwa neno. Chini ya neno moja alipiga mstari. Alipokuwa msichana, mjomba wake alijenga nyumba Magomeni ya Mtwara, na yeye alitumwa kwa wauza boriti na kikaratasi: korija mbili na nusu. Mti mwingine wowote mjini Mtwara uliuzwa mmojammoja. Boriti za mikoko tu ndizo zilizokwenda kwa korija, na waliohesabu hivyo walikuwa wale waliozaliwa na kuzeekea kwenye makambi ya wakata mikoko.

"Korija moja ni miti mingapi?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Ishirini."

"Kwa hiyo kumi na mbili…"

"Mia mbili arobaini."

Hakupumua hata mara moja kati ya swali na jibu. Latifa alimgeukia Farida. "Bibi miti, wewe shambani kwako unahesabu kwa korija?"

"Kwa mita za ujazo," alisema Farida. Alikuwa anamwangalia Fredi kama anamwona leo. "Korija mimi nalijua la kanga."

"Mufindi je, kaka Fredi? Mikaratusi ya huko inakwenda kwa korija?"

Fredi alilamba midomo. "Ni usemi tu, mama. Kama alivyosema, hata kanga zinauzwa kwa korija."

"Kwa hiyo hapa mnasaga kanga."

Bakari alikohoa kuficha kicheko. Fredi hakucheka. Alikuwa ameingia choo cha kike na alijua, ila mlango wa kutokea hakuuona.

"Vua glavu," alisema Latifa.

"Mama, mimi…"

"Vua."

Alivua ya kulia, polepole. Kiganja kilikuwa na rangi ileile aliyoiona mochwari, imefifia kidogo, imebaki kwenye mikunjo na kuzunguka kucha. Latifa alifungua mdomo kuuliza, na hapo kiwanda kikanguruma. Ukanda ulianza kukimbia, na upande wa pili vijana wawili waliondoa turubai, wakaanza kurusha miti ndani ya mashine ya kusagia. Mti wa kwanza uliingia mzima, ukatoka vipande vidogo.

Latifa alisimama. Joshua alikuwa na simu sikioni, anaongea na mtu wa ndani.

"Zima hiyo mashine."

"Shughuli haziwezi kusimama kwa sababu ya neno moja la Kiswahili, Afande," alisema Joshua kwa sauti ya juu kushinda mngurumo. "Meli iko bandarini. Una hati ya kusimamisha uzalishaji?"

"Nina maiti."

"Nenda na maiti yako kwa wakili wetu."

Alisema hivyo huku anatabasamu. Miti iliingia kwa miwili, kwa mitatu. Kwa mwendo ule, kabla ya adhuhuri rundo lingekuwa vidonge vya kuni ndani ya magunia yenye jani la kijani, na Orlando angekuwa kwenye karandinga. Alimpungia Bakari akimbilie chumba cha swichi. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani.

Farida alikuwa ameshaondoka. Alipita kati ya vijana bila kukimbia, akapanda ngazi mbili pembeni ya mashine, akapiga kitufe chekundu kwa ngumi. Ukanda ulitetemeka, ukasimama. Masikio yaliendelea kuvuma kwa muda.

"Farida," alisema Joshua, sasa bila tabasamu. "Unajua unachofanya?"

"Leo najua. Siku zote nilizosaini ndiyo sikutaka kujua."

Latifa alipanda ngazi. Mzigo huu wenye turubai haukuwa umemenywa wote. Walimenya ile ya juu, kisha wakakatishwa na haraka, na ya chini ilibaki na maganda yake, tope limekaukia na makombe ya chaza yameng'ang'ania. Mti mmoja ulikuwa umeshikwa na meno ya mashine, nusu ndani, nusu nje. Aliufuta kwa kanga aliyojifunga begani. Chini ya tope kulikuwa na rangi ya buluu, herufi kubwa za mtu asiyezoea kushika brashi:

NKOKO WA KIJ

Herufi zilizobaki zilikuwa zimeshasagwa.

Ndivyo Yusufu alivyosema maisha yake yote, nkoko, na ndivyo alivyoandika. Kopo lilifunguliwa Alhamisi asubuhi, na Alhamisi usiku mwenye kopo alikuwa amekufa. Lori lililodaiwa kulala na springi mbovu lilikuwa limebeba maneno yake mpaka hapa.

Alishuka. Fredi alikuwa ameketi, glavu moja mkononi, nyingine imeanguka. Bakari alisimama nyuma ya kiti.

"Fredi. Unashukiwa kwa mauaji ya Yusufu Nampota. Hulazimiki kusema lolote, na utakalosema litaandikwa, linaweza kutumika mahakamani. Umenielewa?"

"Nilimwambia ashuke." Fredi alikuwa anaongea na magoti yake. Lafudhi ya milimani ilikuwa imemtoka, imebaki ya pwani kabisa. "Mara tatu nilimwambia, mzee shuka. Kapanda juu ya mzigo, kakumbatia miti, anasema hii imeandikwa, hii imeandikwa. Gari linaondoka, hataki kuachia. Mzee mzima."

"Ukafanya nini?"

"Nikachukua mti."

"Na kumpeleka kwa Orlando?"

"Wote walijua waligombana." Aliinua macho kumtafuta Joshua. "Bosi alisema atapatikana tu mtu wa kubeba kesi."

Joshua alikuwa anapiga namba nyingine kwenye simu, vidole vinakosea. Latifa alimnyang'anya simu hiyo, akaitia kwenye mfuko wa ushahidi, akamwambia akae kwenye kiti cha pili cha plastiki. Alikaa. Bila picha zake za ukutani alionekana mdogo, na manukato yake yalichanganyika na harufu ya tope ikawa mbaya zaidi.

Saa sita na nusu Latifa alipiga simu kituoni.

"Orlando asipelekwe mahakamani."

"Afande, ameshapandishwa karandinga."

"Mshusheni. Na mkewe aliye kwenye benchi, Odete, mwambieni leo amlishe mwenyewe kwa mkono wake. Nakuja na mtu mwingine. Wawili."

Alipokata simu, Farida alikuwa ameketi juu ya gogo, karatasi za maelezo mapajani, kalamu ya polisi mkononi. Hakuwa analia. Alikuwa ameandika jina lake, umri na kazi yake, na kwenye kazi alikuwa ameandika "mpanda miti."

"Nitafungwa?" aliuliza.

"Labda. Ulisaini miezi mingi." Latifa hakuwa na neno tamu la kumpa. "Andika yote. Fomu, malori, tarehe, nani alikwambia nini. Na ulichokiona kwenye mashine."

"Wakiifunga kampuni, miti yangu itang'olewa."

"Miti yako ina miaka mitatu. Haijaua mtu. Nitasema hivyo mahakamani nikiulizwa."

Farida aliinamia karatasi, akaandika kwa muda mrefu. Mistari yake ilinyooka kama ya shambani. Alipofika ukurasa wa pili alisimamisha kalamu, akaangalia mti uliokwama, kisha akamwangalia Latifa.

"Hapa kwenye maneno ya rangi," alisema. "Niandike mkoko, au nkoko?"

"Andika kama alivyoandika mwenyewe."